Kuwafundisha vijana kuunda mashua: anzeni na chombo kibovu

Assalam aleikum, ndugu yangu. Umeeleza kwamba mjomba wako wa Kilwa ni fundi wa mashua ambaye nguvu zimeanza kumpungua, kwamba vijana wanne wa mtaani kwenu wako tayari kujifunza kwake, na kwamba mmechangishana fedha za kununua mbao za mashua moja mpya ya urefu wa mikono 18, ambayo kwa mpango wenu ndiyo itakayokuwa darasa lao. Umeuliza muanze vipi. Mimi ni fundi wa vyombo huku kaskazini ya Unguja, na nimekaa na wanafunzi wangu mwenyewe kwa zaidi ya miaka kumi, hivyo nitakujibu kwa yale niliyoyapitia. Mbao hizo msizinunue kwanza. Tafuteni mashua mbovu, ile ambayo mwenyewe bado anaihitaji, na darasa lianzie hapo.

Nasema hivyo kwa sababu mimi nilianza kama mnavyotaka kuanza nyinyi. Kundi langu la kwanza lilikuwa la vijana sita, na shirika moja lilikuwa limetoa fedha kwa sharti kwamba chombo kipya kishuliwe majini ndani ya miezi tisa ili kipigwe picha. Tulinunua mbao mbichi kwa kuwa hatukuwa na muda wa kusubiri zikauke. Mimi, nikiona siku zinapungua, nikawa nafanya mwenyewe kila kazi ngumu na kuwaachia vijana kushika ubao upande wa pili, kupiga randa na kunyoosha misumari. Chombo kilishuliwa kwa wakati. Baada ya kaskazi moja ufukweni mbao zilikuwa zimenywea, maungio yakawa yanapitisha maji kila mahali, na mvuvi aliyepewa chombo kile akakirudisha. Katika wale sita, mmoja tu ndiye aliye katika kazi hii leo. Wengine hawakuwa wavivu hata kidogo. Walikaa miezi tisa karibu na mashua bila ya kuulizwa hata mara moja wao wanaonaje.

Chombo kipya kina ubaya mmoja kwa mwanafunzi: kinampa majibu kabla hajawa na maswali. Unamwambia ubao wa kwanza kando ya mkuku, ule uti wa chini wa chombo, uwe mnene na usiwe na kifundo, naye anaitikia kwa heshima, lakini hajui kwa nini. Mpeleke chini ya mashua iliyopakwa deheni, yaani mafuta na chokaa ya kukinga mbao za chini, mara ya mwisho misimu miwili iliyopita, mpe bisibisi, umwambie achomechome mbao kuanzia omo, yaani mbele, mpaka tezi, yaani nyuma, na kukueleza wapi panabonyea. Ataona kwamba wadudu wa baharini wametoboa pale ambapo deheni imebanduka, na kwamba juu ya ubao huoni zaidi ya vitundu vidogo ilhali ndani umekuwa kama sega la nyuki. Ataona mti umekuwa mweusi na laini kuuzunguka kila msumari uliokula kutu. Akiingia ndani ya chombo ataona kwamba mataruma, yaani mbavu za chombo, yameoza kwenye miguu, pale maji ya mvua yanapotuama, na hapo ndipo anapoelewa kwamba maji ya mvua huozesha mti upesi kuliko maji ya chumvi, na kwamba ule upenyo mdogo tunaouacha chini ya taruma ili maji yapite kwenda ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, una kazi kubwa. Mwanafunzi aliyeyaona hayo kwa macho yake hatasahau kuuacha upenyo ule katika maisha yake yote.

Ami yangu, aliyenifundisha, hakuwa akieleza kitu. Nilianza kwake nikiwa na umri wa miaka 12, nikichota maji, nikiokota vipande vya mbao vya kuni na kunyoosha misumari ya zamani juu ya jiwe, na ilipita miaka miwili kabla sijaruhusiwa kushika tezo, kile kishoka cha kuchongea mbao. Namwombea rehema kila siku na siikosoi njia yake, kwa sababu enzi zile mtoto alikuwa ufukweni kutwa nzima kwa miaka kumi, na jicho lake lilishiba kwa kuona tu. Vijana mlionao nyinyi watakuja saa chache, wengine wana wake na watoto, na mjomba wako naye hana tena miaka kumi ya nguvu. Lazima yale ambayo mikono yake inayajua yapate maneno, na kumfanya fundi mzee aseme ni kazi inayotaka adabu na ujanja. Ukimuuliza, "Mjomba, unajuaje kwamba pinda hili limekaa sawa?" atakujibu kwamba ameliona. Kijana akifanya kazi mbele yake na kukosea kidogo, atainuka alipokaa na kusema, "Hapo tumbo limetoka mno, chombo kitakuwa kizito kugeuka." Sentensi hiyo moja ndiyo somo. Iandikeni palepale au muirekodi kwa simu. Wapo mafundi wenzangu wanaoona kwamba kuandika kunaharibu ufundi, nami kwa heshima sikubaliani nao. Daftari langu lina vipimo vya vyombo vyote nilivyounda, na halijanipunguzia jicho.

Katika matengenezo, kila kazi inakuja ikiwa ndogo ya kumtosha mtu mmoja. Taruma moja limeoza, linatolewa, na kijana anapewa lile bovu kama kigezo cha kutengenezea jipya. Hapo mtoeni ufukweni mumpeleke kwenye miti. Taruma zuri hukatwa kwenye tawi au shina lililojipinda lenyewe, ili nyuzi za mti zifuate pinda kutoka ncha hadi ncha, maana ukilichonga pinda hilo kutoka kwenye gogo lililonyooka, nyuzi zinakatika katikati na taruma litavunjika siku chombo kitakapogonga mwamba. Wazee wetu walipenda mlilana na mkomafi kwa kazi hii, lakini mikoko ni hifadhi na kuikata bila kibali ni kosa, kwa hiyo kateni kibali mapema au tumieni miti ya mashambani. Sisi tunatumia sana matawi ya mwembe uliokwisha kuzaa na mtondoo tunapoupata. Mwanafunzi wangu mmoja alinirudia siku ya tatu akaniambia kwamba sasa hawezi kupita chini ya mti bila ya kuona mataruma ndani yake, na nilifurahi kuliko siku aliyomaliza chombo chake cha kwanza.

Kuhusu tezo nitasema kidogo, ingawa ndicho chombo cha kazi kinachotisha zaidi. Kila kijana achonge mpini wake mwenyewe kwa kimo chake, ajifunze kunoa kwenye kinoo mpaka makali yanyoe nywele za mkono, kisha achonge magogo mabovu ya mwembe kwa wiki mbili kabla ya kugusa ubao wa mtu. Tezo butu ndiyo inayoruka na kumkata mtu mguu.

Sasa ubao. Hapa ndipo jicho linapofundishwa, na hapa msiwe na haraka kabisa. Ubao mbovu ukishatolewa, kabla ya kuweka mpya, chukueni ufito mwembamba ulionyooka, muupigilie kwa muda juu ya mataruma kutoka omo mpaka tezi. Kila kijana aende mbele ya chombo, achuchumae, afumbe jicho moja na kuufuata ufito huo kwa jicho jingine, kisha aseme wapi umevimba na wapi umebonyea, kila mmoja kwa zamu yake, na mjomba aseme wa mwisho. Akianza mjomba, wote wataona alichokiona yeye. Siku za mwanzo watatofautiana sana. Baada ya mwezi watakuwa wakionyesha taruma lilelile, na mtastaajabu jinsi jicho la binadamu linavyoweza kuona kosa lililo jembamba kuliko unene wa sarafu. Baada ya hapo ndipo wanapolipunguza taruma lile kwa tezo, kidogo kidogo, na kurudi tena kuangalia.

Ubao mpya tunauloweka na kuupasha moto taratibu huku tukiuvuta kwa kamba mpaka ukubali pinda. Ili kuukutanisha na jirani yake, tunaubana mahali pake na kupitisha msumeno katikati ya mbao mbili, ili meno yale yale yakate kingo zote mbili, kisha tunausogeza na kurudia mpaka mwanya uwe sawa urefu wote. Matundu ya misumari hutobolewa kwanza kwa keekee, yakiwa membamba kuliko msumari wenyewe, na kichwa cha msumari huzungushiwa pamba iliyolowa mafuta kabla hakijazama. Nimemwona fundi mzuri akiacha pamba hiyo kwa sababu ya haraka, na mwaka uliofuata kila msumari ulikuwa ukilia kutu.

Kukalafati, yaani kuziba mianya ya mbao, kwa maoni yangu kunafundishwa kwa sikio. Pamba iliyolowa mafuta huingizwa kwenye mwanya kwa chembeu, patasi ya kazi hii, na nyundo ya mti, na mlio wa nyundo hubadilika: mwanzo ni mzito na umekufa, halafu, mwanya unapojaa, unakuwa mkavu na wa juu. Mimi huwaweka wanafunzi wakiwa wamenipa mgongo, nikapiga, nao wakaniambia lini niache. Anayeendelea kupiga baada ya mlio kubadilika anazisukuma mbao zitengane na kufungua mwanya wa jirani, na kosa hilo halionekani mpaka chombo kiingie baharini. Kwa hiyo msisubiri bahari. Kabla ya kupaka deheni, jazeni maji ndani ya chombo kikiwa bado nchi kavu, wapeni vijana mkaa, wapige alama kila mahali tone linapotokea nje. Hakuna aibu katika alama hizo, na mwelezeni mwenye chombo mapema kwamba mtafanya hivyo, ili asiogope akizikuta.

Jambo ambalo hukulitaja, na ndilo linaloua madarasa mengi, ni chakula. Zamani mwanafunzi alikula kwa fundi na akavishwa na fundi. Leo kijana huyohuyo anaweza kupata kibarua hotelini au kwenye karakana ya boti za faiba na kupeleka fedha nyumbani jioni. Kumwambia avumilie kwa kuwa huu ni urithi wa wazee wake ni kumdhulumu. Matengenezo yana faida hapa pia, kwa sababu mwenye mashua mbovu analipa sasa hivi, wakati mashua mpya isiyo na mteja inakaa ufukweni ikikauka. Kwangu mimi, theluthi moja ya ujira wa kila matengenezo ni ya wanafunzi, na inagawanywa siku ileile mbele ya watu wote. Fedha mlizochangishana ziwe akiba ya misumari, pamba na posho ya miezi mitatu ya mwanzo, na kiasi kinachobaki nunueni mbao chache za mkongo au mninga, mzipange kivulini kwa kutenganishwa na vijiti ili upepo upite, zikauke polepole zikisubiri chombo chenu kipya cha mwaka ujao.

Wapo watakaokuambia kwamba haya yote ni kupoteza muda kwa kuwa faiba imekwisha kushinda. Faiba ni nzuri kwa mambo yake na sina ugomvi nayo. Hata hivyo, huko Lamu mafundi wa majahazi waliunda chombo kizima kwa plastiki iliyookotwa, kikapewa jina la Flipflopi, kikashuliwa mwaka 2018 na mwaka uliofuata kikasafiri kwa tanga mpaka Unguja. Waliweza kwa sababu mikono na macho yao yalikwisha kufundishwa kwenye mti. Upande mwingine upo mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila ya msumari hata mmoja, kilichokuwa kikitembea mwambao wetu huu kwa karne nyingi. Mafundi wa mwisho walipoondoka, mwanzoni mwa karne iliyopita, hakukuwa na vijana nyuma yao, na leo mtu anayetaka kuujua mtepe anakwenda kutazama mfano wake mdogo katika makumbusho, kama ule wa Fort Jesus, Mombasa. Mambo mengi ambayo mfano hauonyeshi, hasa namna mkono ulivyokaza kamba, hatuna wa kumuuliza.

Basi bamvua ijayo, maji yakipwa sana, tembea ufukweni pamoja na mjomba na vijana wako mkivitazama vyombo vilivyolala. Tafuteni mashua isiyozidi mikono 14, ambayo mkuku wake bado ni mzima na mwenyewe ni mtu wa subira, kwa sababu mkuku ukiwa umeoza hiyo si kazi ya wanaoanza. Mwambieni kwamba wanafunzi ndio watakaofanya na mjomba ndiye atakayedhamini, na mpunguzieni bei kwa ajili hiyo. Mkishaipata, niandikie hapa urefu wake, idadi ya mataruma mabovu na aina ya mti mliyoikuta kwenye mbao za chini, nami nitakueleza ni kazi ipi apewe kijana yupi kwanza.