Mpangaji mwenzangu amekiri damu za watu. Nimsitiri?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Niko Ngarenaro, Arusha. Mpangaji mwenzangu, mgeni kutoka nchi jirani, aliniambia baada ya tarawehe kwamba vita vya kwao vilimkuta akisimamia kizuizi cha barabarani, na watu wasio na silaha waliuawa kwa amri yake. Ametubu, hakosi alfajiri msikitini. Mtume (s.a.w.) amesema anayemsitiri Muislamu, Allah atamsitiri. Je, ninyamaze? Na sheria ya Tanzania inamgusa mtu kama huyu?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam wa rahmatullah, ndugu yangu.

Hadithi uliyoitaja ni sahihi, ila mahali pake si hapa. Sitara ni ya dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake, kama mtu aliyelewa usiku, asubuhi akajuta. Damu ni haki ya watu. Mtume ametufundisha kuwa jambo la kwanza kuhukumiwa baina ya watu Siku ya Kiyama ni damu. Jirani yako kujuta amejuta, kuacha ameacha. Bado hajarudisha haki kwa wenyewe. Huko kwao yuko mtu ambaye mpaka leo hajui baba yake alifukiwa shimo gani, na huyu anajua.

Upande wa sheria nimewauliza mawakili tunaosali nao. Kanuni yetu ya Adhabu inamfikia aliyeua ndani ya nchi, na Mtanzania hata akiua nje. Mgeni aliyeua kwao kabla ya kuvuka mpaka, si rahisi kumshtaki hapa. Agosti 2002 tuliridhia Mkataba wa Roma, ule ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Lakini kwetu mkataba hauna nguvu ya sheria mpaka Bunge liutungie sheria, na hilo halijafanyika. Kenya walitunga yao 2008, Uganda 2010. Mahakama ile, yenye makao The Hague, Uholanzi, nayo huingia pale tu nchi inaposhindwa au isipotaka kuhukumu, na haigusi yaliyotendeka kabla ya Julai 2002. Kwa hiyo mlango uliobaki kwetu ni kumrejesha kwao, nchi yake ikiomba, chini ya sheria ya mwaka 1965 ya kurejesha wahalifu. Allah ametuamrisha tutimize ahadi (Qur'ani 5:1). Kuweka saini kisha kuiacha miaka yote hii bila sheria ni ahadi iliyotimizwa nusu, na wabunge wetu nawaambia hivyo hivyo.

Arusha hatuna udhuru wa kusema hatukujua. Hapa hapa, kwenye jengo la mikutano la AICC ilikokaa mahakama ya kimataifa ya kesi za Rwanda, Septemba 1998, Jean-Paul Akayesu aliyekuwa meya wa Taba, Rwanda, alitiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari, hukumu ya kwanza ya aina yake kutolewa na mahakama ya kimataifa. Niliwahi kukaa kwenye viti vya wananchi pale, nyuma ya kioo, hedifoni masikioni. Shahidi alifichwa kwa pazia, akiitwa kwa herufi mbili tu. Alieleza alivyokuwa anahesabu watoto wake. Mkalimani alinyamaza kidogo, akameza mate, ndipo akaendelea. Pazia lile ndilo sitara ninayoijua katika mambo ya damu: aliyesitiriwa alikuwa aliyedhulumiwa.

Allah anasema msifiche ushahidi, na anayeuficha moyo wake umeingia dhambini (2:283). Tena Mtume ametuambia tumsaidie ndugu yetu akidhulumu au akidhulumiwa, na kumsaidia anayedhulumu ni kumzuia.

Basi anza naye yeye. Mwambie ajipeleke mwenyewe, aseme makaburi yako wapi. Hayo hayangoji mahakama. Njooni wote wawili baada ya isha, tutakwenda pamoja kwa wakili. Usimtaje kijiweni wala kwenye magrupu ya simu. Watu wenye hasira wakimvamia, itakuwa damu nyingine na wewe umo. Akikataa, nenda polisi ukaseme alichokwambia kwa maneno yake mwenyewe, usiongeze, usipunguze.