Risasi ya kwanza inapata, ya pili inapita kulia

SWALI: Jambo Afande. Mimi ni askari wa wanyamapori, niko Masindi. Nikilenga shabaha moja kwa utulivu, mita 50, risasi zote zinakaa katikati. Lakini zoezi la shabaha tatu kwa sekunde 6 linanishinda. Naanzia kushoto, ya kwanza napata, ya pili na ya tatu zinapita kulia. Natumia AK. Je, kidole changu ni kizito?

JIBU: Jambo, kijana wangu. Kidole hakina kosa, karatasi yako ya shabaha imeshasema. Unatoka kushoto kwenda kulia na risasi zinaangukia kulia, maana yake bunduki ilikuwa bado inatembea ulipofyatua, ikaipita shabaha. Zingeangukia kushoto ningesema umefyatua kabla haijafika.

Kwenye AK, kutoka kilengeo cha nyuma hadi cha mbele ni kama milimita 378. Kile cha mbele kikihama milimita 1 tu, kwa mita 50 risasi inahama sentimita 13. Hapo umeshatoka kwenye duara la shabaha.

Macho yatangulie. Risasi ya kwanza ikishatoka, macho yaruke hadi katikati kabisa ya shabaha ya pili, ndipo bunduki iyafuate. Vijana wengi niliowafundisha walifanya kinyume: jicho limeganda kwenye kilengeo, mikono inasukuma bunduki, na shabaha wanaiona ikiwa imeshapita. Geuka kwa magoti na kiuno. Bega, shavu na mikono vibaki vilevile kwenye bunduki. Miguu iipange kuelekea shabaha ya mwisho, kisha ujikunje kurudi kwenye ya kwanza. Hivyo mwili unafunguka wenyewe unapokwenda kulia, haukazi.

Anza bila risasi. Toa magazini, kagua chemba kwa jicho na kwa kidole, risasi zikae mbali, mdomo wa bunduki uelekee tuta la udongo. Dakika 10 kila jioni zinatosha. Triga ya AK italia "ka" kwa shabaha ya kwanza tu, kisha inakufa mpaka ukoki tena, yaani uvute nyuma mkono wa pembeni wa bunduki na kuuachia. Usikoki katikati. Kwa ya pili na ya tatu ibonyeze hivyo hivyo ilivyokufa, taratibu, bunduki ikiwa imesimama.

Ukienda renji, uwanja wa kulenga shabaha, zisahau kwanza hizo sekunde 6. Piga kwa sekunde 12. Zote tatu zikipata mara tano mfululizo, punguza sekunde moja. Inaniuma kuona wakufunzi wakipiga kelele "haraka, haraka!" na kijana anachoma magazini nzima akijizoeza kukosa. Muda unaoutafuta uko njiani kati ya shabaha na shabaha. Ukiuiba kwenye triga, utaulipa kwenye karatasi.

Tena usianzie kushoto kila siku. Anzia kulia: risasi zikianza kuangukia kushoto, ugonjwa ni huo huo, na dawa ni hiyo hiyo.