Familia, jenasi, na adha ya neno "jamii"

Msomaji mmoja anayeandaa makala ya sayansi kwa wanafunzi ametuletea sentensi hii: "Pettalidae ni jamii ya buibui wanaoishi Sri Lanka." Anauliza kama "jamii" inatosha, au hana budi kuandika "familia", neno analoliona la kigeni mno.

Aandike "familia". Ugeni si hoja, kwani "jamii" nayo tuliipokea kutoka Kiarabu, katika mzizi uleule wa kukusanya uliotupa jamaa, jumuiya na Ijumaa. Kinachoniudhi, na kimeniudhi miaka mingi, ni kuona neno hili zuri likigeuzwa kapu la kutilia kila ngazi ya uainishaji wa viumbe, kuanzia iliyo pana hadi iliyo finyu: oda ni jamii, familia ni jamii, jenasi ni jamii, na spishi nayo, maskini, ni jamii.

Tuitazame sentensi yake kwa makini. Familia ya Pettalidae ilianzishwa na mtaalamu wa arakinida William Shear mwaka 1980, na jina lake limetokana na Pettalus, jenasi inayoishi Sri Lanka tu. Lakini familia hiyo ina jenasi nyingine pia: Chileogovea ya Chile, Purcellia ya Afrika Kusini, Manangotria ya Madagaska, Karripurcellia ya Australia, Rakaia ya Nyuzilandi. Basi atakayeandika kwamba "jamii hii huishi Sri Lanka peke yake" atakuwa amesema kweli kuhusu jenasi na uongo kuhusu familia, na mwanafunzi hatakuwa na njia ya kujua ni ipi iliyokusudiwa. Nalikazania jambo hili kwa sababu utamu wote wa habari umo humo. Viumbe hawa wana urefu wa milimita chache, hawana mabawa, na maisha yao ni chini ya majani yanayooza msituni, penye unyevu, bahari hawaivuki. Kila jenasi imebaki katika nchi yake, ilhali familia imetapakaa kutoka Chile hadi Nyuzilandi, kwa kuwa nchi hizo zilikuwa bara moja, Gondwana, kabla halijapasuka. Anayeandika "jamii" kwa yote mawili ameifuta historia hiyo kwa neno moja.

Na hao si buibui hata kidogo. Wao ni wa oda ya Opiliones, buibui ni wa oda ya Araneae, na wote wawili ni arakinida, yaani wa kundi pana la viumbe wenye miguu minane. Ukimweka mmoja chini ya lenzi utaona mwili ulioungana kama punje moja, bila kile kiuno chembamba cha buibui. Hafumi utando, wala hana tezi za sumu. Ndugu zao wengi katika oda hiyo wana miguu mirefu kama nyuzi, lakini Pettalidae wana miguu mifupi, na asiyewajua atawadhania utitiri. Anayejitetea kwamba alimaanisha tu "jamii ya buibui" kwa mapana yake, na akumbuke kwamba kwa kipimo hicho hata nge ni wa jamii ya buibui.

Katika mazungumzo sina ugomvi: chui na aendelee kuwa mnyama wa jamii ya paka. Ila makala ya msomaji wetu isomeke hivi: "Pettalidae ni familia ya arakinida wa oda ya Opiliones, mojawapo ya jenasi zake, Pettalus, huishi Sri Lanka."