Farasi Si Mganga: Kikao cha Tiba Kinavyoendeshwa Zizini

Anayekuja kwenye tiba ya akili kwa msaada wa farasi na majonzi ya msiba, au hofu iliyobaki baada ya kushambuliwa, mara nyingi hutarajia kupandishwa kwenye tandiko. Hapandishwi. Katika mfumo wa EAGALA, shirika la tiba ya aina hii lililoanzishwa Marekani mwaka 1999, kazi yote hufanyika miguu ikiwa chini, na mteja husimamiwa na watu wawili: mtaalamu wa afya ya akili mwenye leseni na mjuzi wa farasi. Huyu wa pili hamwondolei farasi macho, ili mwenzake apate nafasi ya kumtazama mtu. Ukikuta mmoja anajitia kufanya yote mawili, na mnyama ana kilo 500, rudi nyumbani.

Farasi ni mnyama aliyezoea kuwindwa. Anaona karibu pande zote, isipokuwa mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia, na kila sikio huzunguka kivyake. Mtu akimjia ameuma meno, mabega juu, pumzi fupi, farasi huinua kichwa au husogea pembeni. Hajui kuwa umefiwa. Wanaosema kwamba farasi huyasoma maumivu ya moyo wanafanya biashara. Anachokisoma ni mwili, na hapo ndipo mteja wa "niko sawa tu" anapopata sababu ya kujichunguza.

Kikao huchukua dakika 60 hadi 90. Cha kwanza tunashauri kianzie nje ya uzio: dakika 15 za kutazama tu. Mteja aulizwe ameona nini, asiulizwe farasi anawaza nini. "Amelaza masikio nyuma" ni alichokiona. "Ananichukia" ni hadithi yake mwenyewe, na mtaalamu ataifanyia kazi hadithi hiyo baadaye.

Kumkaribia kuna utaratibu. Mwendee kwa upande wa bega, polepole, umsemeshe ili ajue upo. Mpe mgongo wa mkono aunuse. Akigeuza kichwa, simama, pumua, rudi hatua moja. Kwa aliyewahi kulazimishwa jambo, kumwona kiumbe akikataa na kukataa kwake kukaheshimiwa kuna uzito kuliko maelezo ya saa nzima.

Kupiga brashi huanzia shingoni na begani, kufuata ulalo wa manyoya. Kisha mteja aweke kiganja ubavuni. Farasi aliyetulia hupumua mara 8 hadi 16 kwa dakika, polepole kuliko binadamu wengi. Usimlazimishe mteja kuifikia kasi hiyo, atapata kizunguzungu. Mwambie arefushe tu kutoa pumzi, kuvuta kwa hesabu ya 4, kutoa kwa 6. Macho yakianza kukodoa mahali pamoja na majibu yakikoma, kumbukumbu zimemzidi: ondoa mkono wake kwa farasi, mtoe nje ya uzio, azihisi nyayo zake ardhini, ataje vitu anavyoviona. Asibaki karibu na kwato akiwa katika hali hiyo.

Kumwongoza kwa kamba huja baadaye. Kamba ikunjwe mikunjo ya kushikwa kiganjani, kamwe isizungushwe mkononi. Farasi akishtuka itavunja vidole. Mteja asimame usawa wa bega la farasi. Akivuta kwa nguvu, farasi huvuta upande wake. Akilegeza na kuanza kutembea mwenyewe huku akiangalia mbele, mara nyingi hufuatwa.

Karoti na sukari ziachwe nyumbani. Farasi wa kulishwa mkononi hupekua mifuko na huuma, tena mteja hawezi kujua kama amefuatwa yeye au karoti.

Kosa kubwa la wasimamizi ni kumtafsiria mteja. Farasi anaondoka, msimamizi anasema, "Ameona huzuni yako." Mtoto aliyetelekezwa na baba ameshasikia kitu kingine kabisa. Ukimya wa nusu dakika, halafu "umeona nini?", unatosha.

Ushahidi bado ni mwembamba. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2021 lilihusisha wanajeshi wa zamani 63 wenye athari za kiwewe, vikao 8 vya kila wiki. Dalili zilipungua, lakini hakukuwa na kundi la kulinganisha. Kwa hiyo usiache dawa, wala usimwache mnasihi wako. Na mwenye mzio wa manyoya, mwenye tabia ya kutesa wanyama, au anayeona na kusikia visivyokuwepo na hajatulizwa, asiingizwe zizini. Wengine wote wavae viatu vilivyofunika vidole, wawe na chanjo ya pepopunda.

Huku kwetu mbung'o na ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi vimechangia kuwafanya farasi kuwa adimu. Punda anafaa pia, ila punda akiogopa huelekea kuganda kuliko kukimbia. Kimya chake kisichukuliwe kuwa utulivu.

Kikao kikiisha, mfungueni farasi arudi kwa wenzake na mmtazame. Akigaragara vumbini na kuanza kula, kazi ilikuwa ya kiasi. Akisimama peke yake ameinamisha kichwa, au siku inayofuata akikimbia aonapo kamba, mpunguzieni vikao, hata kama orodha ya wateja ni ndefu.