Barua kwa mwanangu: anza huko huko, usije kuachia Tanga

Mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza yote mpaka mwisho, hadi pale ulipokohoa kohoa kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea. Umeniuliza mawili, kwamba ukiipumzisha bangi kwa muda ile nguvu yake itarudi au ndo basi tena, maana zamani pafu mbili zilikutosha na sasa huko Kanada unavuta vepu kutwa nzima na pipi za bangi juu yake usiku na bado unajiona uko kawaida tu, na la pili uache kwa mkupuo au upunguze taratibu. Afu ukamalizia kwa utani eti labda uje uachie huku huku Tanga Desemba, likizo ndani ya likizo. Sasa mimi nakujibu kama nesi kwanza, nimekaa wodini miaka mingi wewe hujanishtua na kitu. Ya mama yataingia katikati yenyewe, hayo siwezi kuyazuia.

Inarudi. Mwili unajirekebisha vizuri kuliko watu wanavyodhani. Ile kemikali inayolevya, THC, inafanya kazi kwa kushika vipokezi fulani kwenye ubongo, wataalamu wanaviita CB1, na ukiipiga kila siku ubongo unaanza kuvipunguza. Ni kama wanaoishi jirani na mashine ya kusaga, kelele ni ile ile ila masikio yao yameshaamua kutoisikia. Mwaka 2012 kuna watafiti Marekani waliwapiga picha za ubongo wavutaji wa kila siku, wakakuta vipokezi vimepungua karibu asilimia 20 sehemu za juu za ubongo, na baada ya kama wiki 4 bila kuvuta vimerudi kwenye hali ya watu wengine. Utafiti mwingine wa 2016 ukaona hata siku 2 tu za mwanzo mabadiliko yanaanza. Kwa hiyo ukiniuliza muda, nakwambia wiki 4. Wale wanaokwambia siku 3 zinatosha hawakudanganyi sana, utahisi tofauti kweli, ila kwa mtu wa kila siku kama wewe haitachukua muda utarudi pale pale.

Na usijilinganishe na wajomba zako waliokuwa wanavuta cha Arusha enzi zile wakaacha wakaoa maisha yakaendelea. Hiyo yenu ni kitu kingine. Marekani walipima bangi zilizokuwa zinakamatwa, mwaka 1995 THC ilikuwa wastani wa asilimia 4 hivi, 2014 imefika 12, na hapo ni majani tu, hayo mafuta ya kwenye vepu yanapita 70. We unasema unavuta kidogo kidogo. Kidogo cha nini sasa.

Tuje kwenye arosto, yale mateso ya mwili ukiacha, maana nyie wa huko mnaambiwa bangi haina arosto. Inayo, na kwenye vitabu vya madaktari imeandikwa kabisa tangu 2013. Inaanza siku ya kwanza mpaka ya tatu, inakuwa kali ndani ya wiki ya kwanza, afu inashuka, wengi wiki ya pili wameshatulia. Utakuwa na hasira za ovyo, wasiwasi, chakula hakipandi, jasho, kichwa kinagonga, huwezi kukaa sehemu moja. Haiui, na hilo nakwambia ili usiogope, arosto ya pombe ndo inaweza kuua mtu, ya bangi ni mateso tu.

Lakini kinachowarudisha watu sio hasira wala jasho, ni usiku. Bangi inabana ule usingizi wa kuota, ndo maana we mwenyewe ulishaniambia siku nyingi huoti, sasa ukiiondoa ndoto zinarudi zote kwa pamoja, nzito, zenye sura za watu, unaamka umelowa unadhani umerogwa. Hii ya usingizi inaweza kuvuka hata mwezi. Mtu anakaa vizuri wiki nzima, siku ya nane saa tisa usiku hajalala na kesho ana shifti, anajisemea pafu moja tu nilale, mchezo umekwisha. Kwa hiyo kama kuna kitu cha kukipanga ni usiku. Kahawa mwisho mchana. Simu iwe mbali na kitanda. Ile mizigo ya ghalani inachosha mgongo tu, haichoshi mwili unavyotakiwa, kwa hiyo tembea au kimbia ukitoka kazini, ila sio dakika za mwisho kabla ya kulala. Na usikate arosto kwa bia, mwanangu, wala kwa vidonge vya usingizi vya kupewa na mshikaji, utakuwa umetoka kwenye shimo moja umeingia la pili lenye kina zaidi.

Sasa umeona kwa nini Tanga hapana? Hebu piga picha, umeshuka, nyumba imejaa, pilau imepakuliwa we hutaki kula, unatokwa jasho, ukisalimiwa unajibu kwa mkato. Shangazi yako atasema malaria, utapelekwa kupimwa siku ya pili tu. Bibi yako yeye atasema umetupiwa kitu huko ugenini, na kombe utalinywa, hutakuwa na namna. Afu mtaani kwetu wa kukupa puli hawajapungua, ukizidiwa hutatembea hata dakika kumi, na huku sio Kanada bwana. Kanada wameruhusu tangu Oktoba 2018, huku sheria ya dawa za kulevya ya 2015 haina utani hata kwa msokoto mmoja. Kwa hiyo anza huko huko, wiki 4 au 5 kabla ya safari, ile wiki mbaya uimalizie kwenye chumba chako, ufike huku unakula.

Kuhusu mkupuo au taratibu, kwa unavyotumia wewe, mimi ningepunguza kwanza kama wiki moja au mbili. Toa ile ya asubuhi kabla ya kazi kwanza, hiyo ndo imekushika kuliko zote hata kama unaona ya usiku ndo muhimu, afu ya mchana, mwisho pipi. Baada ya hapo kata kabisa, usibakize akiba kwenye droo eti ya dharura. Kuna watu wanaweza mkupuo na wanamaliza haraka, sawa, ila we tangu mdogo ukinyimwa kitu ghafla nyumba nzima ilikuwa haikaliki.

Na ukimaliza? Mimi ningependa usirudi, hilo unalijua sina haja ya kulizungusha. Ila ukirudi, usirudi na dozi uliyoiachia. Mwili utakuwa mgeni. Pipi zenu za huko mwisho ni miligramu 10 za THC pakiti nzima, we umeshazoea kumeza kadhaa, sasa hata robo ya moja inaweza kukutosha, na pipi inachelewa, nusu saa mpaka masaa mawili ndo unaanza kuisikia, wengi wanaongeza hapo katikati wakidhani haijafanya kazi, wanaishia kupelekwa hospitali moyo unaenda mbio wakiamini wanakufa. Na usishike yale mashine ya kubebea mizigo ukiwa umejaribu.

Kuna vitu viwili ukiviona usingoje kunipigia mimi, nenda kwa daktari. Ukianza kusikia sauti au kuona watu wanakufuatilia. Na ukiwa unatapika tapika kila mara, unapata nafuu ukioga maji ya moto tu, huo ni ugonjwa wa wavutaji wa muda mrefu, uliandikwa mara ya kwanza Australia 2004, na dawa yake ni kuacha, sio kupumzika. Na kama unavuta kwa sababu kuna kitu kinakusumbua moyoni tangu ulipofika huko, hilo litajitokeza wiki ya pili, ukungu ukiondoka. Likijitokeza liseme kwa mtu, hata kama sio mimi.

La mzigo sasa. Kutoka na bangi Kanada kuvuka mpaka ni kosa hata kama kwao ni halali, na kuingia nayo huku ni kosa kubwa zaidi. Begi lipekue lote, mifuko ya jinzi ipindue, vepu iache, pipi zisizo na karatasi zitupe hata kama ni za mtoto. Usimbebee mtu kifurushi, hata akisema ni vitamini.

Ukichagua tarehe ya kuanza niambie. Sio kukuchunga, nataka tu nikipiga simu ukanijibu kwa ukali nijue naongea na nani, na dada zako niwaonye wasikuombe hela wiki hiyo.

Mama