Udongo wa shamba la shule na sahani ya mwanafunzi: maswali yenu

Walimu, wazazi na wanafunzi mmeuliza mengi kuhusu mashamba ya shule na lishe ya watoto. Naanza na swali lililoletwa na wengi.

Shule yetu iko Lushoto, kwenye mteremko. Wanafunzi wamekariri maana ya mmomonyoko, lakini mvua ikizoa udongo wa shamba letu hakuna anayeshtuka. Nifanyeje? (Mwalimu wa darasa la sita)

Mwalimu mwenzangu, wape cha kuona kwa macho. Chukua chupa mbili za maji za lita moja na nusu, zilaze, kata dirisha ubavuni mwa kila moja, uzijaze udongo uleule wa shamba la shule. Ya kwanza iache wazi, ya pili ifunike udongo kwa majani makavu. Ziinamishe kidogo midomo ikielekea chini, na chini ya kila mdomo weka glasi. Kopo lililotobolewa matundu madogo ndilo mvua yenu. Mwagieni maji kiasi kilekile kila upande. Glasi ya kwanza itapata maji mazito yenye rangi ya chai ya maziwa. Ya pili itapata maji kidogo, tena safi zaidi. Wewe nyamaza, waache wabishane. Kisha waulize lile tope limetoka wapi: ni la tabaka la juu, lenye mboji na chakula cha mimea.

Siku nyingine watoke nje na fremu A, kifaa cha kupimia usawa wa ardhi. Mnahitaji miti mitatu, kamba na jiwe tu. Miti miwili mirefu inayolingana inafungwa pamoja juu, wa tatu unakatiza katikati, na kamba yenye jiwe inaning'inia kutoka kileleni. Isimamisheni, wekeni alama pale kamba inapogusa mti wa katikati. Geuzeni miguu ibadilishane nafasi, wekeni alama ya pili. Nusu ya njia kati ya alama hizo ndipo kamba hukaa miguu yote ikiwa kwenye usawa mmoja. Hapo mmeshafundisha na hisabati. Sasa watembeze fremu kukatiza mteremko, kamba ikikaa hapo katikati kila hatua, huku wakipigilia vigingi; mstari unaopatikana ndio kontua, yaani mstari wa usawa mmoja. Chimbeni mtaro kwenye mstari huo, udongo mrushe upande wa juu. Hiyo ndiyo fanya juu, ambayo wakulima wa Machakos wameitumia kwa miaka mingi. Juu ya tuta pandeni matete: yanashika udongo na ng'ombe wanayala. Ila mteremko ukiwa mkali sana, muombeni afisa ugani awapimie nafasi kati ya matuta, kwa sababu tuta moja likipasuka maji yake huyabomoa yaliyo chini.

Mwanangu akichelewa shule anapewa jembe alime kama adhabu. Sasa hata bustani ya nyumbani hataki kuiona. Hayo ni masomo kweli? (Mzazi, Morogoro)

Hapana, mzazi mwenzangu, na jambo hili linaniuma. Elimu ya Kujitegemea, sera ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967, ilitaka shamba la shule liwe sehemu ya kujifunza: wanafunzi washiriki kupanga, wafanye kazi, na waone wenyewe faida ya jasho lao. Jembe likigeuzwa adhabu, mtoto anajifunza kwamba kulima ni kwa waliokosea. Lisemeni kwenye kikao cha wazazi, kwa heshima lakini bila kuzunguka.

Pia pendekezeni babu na bibi waalikwe shambani wakafundishe wanayoyajua. Kule Mbinga, Wamatengo wamelima kwa ngoro tangu enzi za mababu: majani yanalazwa kwa miraba, yanafukiwa kwa udongo, na katikati yanabaki mashimo yanayonasa maji ya mvua huku majani yakioza kuwa mbolea. Mtoto akimsikia bibi yake akieleza kazi kama hiyo mbele ya darasa zima, ataliangalia jembe kwa jicho jingine.

Vitabuni udongo ni mada yake na lishe ni mada yake. Naziunganishaje? (Mwalimu wa sayansi, Njombe)

Anza na chumvi. Mvua za miaka mingi husomba madini joto kutoka udongo wa milimani na kuyapeleka baharini. Mazao yanayoota huko juu yanakosa madini hayo, na anayeyategemea peke yake huweza kuota rovu shingoni. Ndiyo sababu chumvi tunayonunua huongezwa madini joto. Wanafunzi walete pakiti za chumvi kutoka nyumbani wasome maandishi yake, halafu waeleze kwa nini samaki wa baharini wana madini ambayo mahindi ya mlimani hayana. Ukishamaliza hapo, mada zako mbili zimekuwa moja.

Ni kweli chai haifai pamoja na chakula? (Mwanafunzi, kidato cha pili)

Kweli, mwanangu. Chai hupunguza madini ya chuma ambayo mwili unayapata kwenye maharage na mboga. Subiri walau saa moja baada ya kula. Ukipata ndimu au chungwa pamoja na mlo, vitamini C yake itausaidia mwili kuyapokea. Wasichana walioanza hedhi walizingatie hili zaidi, maana wanapoteza damu kila mwezi.

Shule yetu ya Dar es Salaam haina hata kipande cha ardhi. Tena watoto wanapenda chipsi na soda tu. (Mwalimu mlezi wa klabu ya mazingira)

Tafuteni viroba vitupu. Changanyeni udongo na samadi iliyooza vizuri, simamisheni nguzo ya kokoto katikati ili maji yashuke mpaka chini, kisha tobolea ubavuni matundu ya kupandia. Mchicha huwa tayari kwa wiki tatu au nne. Matembele yanachumwa kwa miezi.

Kuhusu soda, usihutubie. Nyingi za mililita 350 zina sukari zaidi ya gramu 30, yaani vijiko vya chai saba au zaidi. Mwanafunzi mmoja asome lebo, mwingine ahesabu vijiko na kuvimimina kwenye glasi mbele ya wenzake.

Siku ya kuvuna pikeni hapohapo shuleni: nyanya, kitunguu, mafuta kidogo, mboga iive dakika chache na maji yake yasimwagwe. Mtoto huwa mwepesi kuonja alichokimwagilia mwenyewe. Na matembele hayahitaji mbegu ya kununua. Muombeni muuza mboga wa karibu marando machache, mkayapande siku hiyohiyo jioni.