Mkitaka kujua raha ya kukaa mtoni, ulizeni kwanza mchanga unakwenda wapi

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Ungepata uwezo, ungependa kuishi mtaa wa kishua kando ya mto?", limenigusa pabaya, kwa sababu huko mnakokuuliza ndiko ninakolala. Naishi Mbezi Beach, upande ule ambao viwanja vinateremka hadi Mto Mbezi. Najua mtaletewa majibu mengi ya upepo, kivuli na utulivu, na mengi yataandikwa na watu waliokuja huku mara moja kwenye send-off. Hayo wanayoyasema yapo, siyakatai. Joto la Februari likiwachemsha watu Sinza, kwangu jioni tunakaa barazani bila feni. Mdiria anatua kwenye waya wa fensi kila asubuhi. Kwa hiyo kama mnataka jibu la neno moja, ni ndiyo, ningependa, na ninapenda. Na wale ambao kila mvua ikinyesha wanaandika mtandaoni kwamba watu wa mabondeni wote tuhame, nawaambia mapema kabisa: mimi sihami.

Lakini mlipaswa kuuliza kingine. Mtaa ukishakuwa wa kishua, mto wake unakuwa wa nani?

Marehemu mume wangu alipopata kiwanja hiki, Mbezi ilikuwa minazi na mikorosho, na magari yalihesabika. Mto ulikuwa mwembamba. Kiangazi watoto waliuvuka kwenda shule wakiwa wameshika viatu mkononi, maji hayafiki gotini. Tulipewa hati, bikoni za zege za kuonyesha mipaka zikasimikwa, tukajenga kwa kudunduliza kama wengine wote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ilikuja 2004 ikatukuta ndani tumeshaweka mapazia. Kifungu cha 57 cha sheria hiyo kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tembeeni mtaani kwetu na futi kamba, mita 60 zinaanzia majini na kuishia sebuleni kwa watu, kwa wengine zinavuka hadi barabarani.

Mto wenyewe si mkubwa. Unatoka vilima vya magharibi, unapita Goba na Mbezi Juu, unakatiza Barabara ya Bagamoyo na kuingia baharini. Zamani mvua ya huko juu ilinywewa na udongo na mizizi, ikatufikia taratibu. Leo huko juu ni mabati, vigae na pevingi. Jiji hili sensa ya 2002 ilikuta watu wasiofika milioni 2.5, ya 2022 imekuta zaidi ya milioni 5.3, na wote hao wanataka nyumba. Maji yanashuka kwa mkupuo, na yakishuka yanakuta kitanda cha mto kimechimbwa. Hapo ndipo penye kiini cha barua yangu. Mchanga ukitolewa, mto unazama chini, ukingo unabaki unaning'inia hauna mguu, kisha masika yanakuja kuuangusha. Watu huona ukuta umeanguka Aprili wakasema mvua ya mwaka huu kali. Ukuta ule ulianza kuanguka Januari, kwa beleshi.

Nitawasimulia Januari moja, mniwie radhi kama nitarefusha.

Mvua za vuli zilikuwa zimetuletea mchanga mpya, mweupe, ule ambao mafundi wanaupenda kwa zege. Kila alfajiri, kabla ya adhana ya kwanza, tulisikia beleshi zikikwaruza chini ya ukingo, kwa mwendo mmoja usiokoma. Kamati ya mtaa ikakaa. Mzee mmoja mwenye geti la kijani, mtu wa heshima zake, ndiye aliyezungumza zaidi siku hiyo. Alisema tuandike barua, tuchangie ulinzi shirikishi, tuwakamate hawa vijana wanaotuharibia mtaa. Tukachanga. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa akapanga siku, akaniomba na mimi niwepo kwa kuwa njia ya kushukia mtoni inapita ubavuni mwa uwanja wangu.

Tuliwakuta wanne. Wawili walikuwa ndani ya maji hadi mapajani wakichota, mmoja anachekecha kwa wavu wa dirisha uliopigiliwa kwenye fremu ya mbao, wa nne anapandisha kwenye Fuso lenye turubai la bluu. Nilitegemea wakimbie. Hakuna aliyekimbia. Yule wa chekeche akaweka fremu chini, akafuta mikono kwenye kaptula.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba, mnajua kwamba hapo juu kuna nyumba ya mtu?"

"Tunajua mama. Si ndiyo yako? Hata maji ya kunywa huwa tunaomba kwa dada wa kwako."

Hilo sikulijua. Nikamuuliza nani amewatuma. Akamtazama dereva, dereva akatazama usukani. "Sisi ni vibarua," akasema yule kijana, "gari ikijaa tunalipwa, isipojaa tunarudi Goba hivi hivi." Askari wa ulinzi shirikishi alikuwa ameshatoa filimbi. Mwenyekiti, na hapa namsifu, akamwambia airudishe mfukoni. Akasema, "Waache wamalize. Gari hili litatuonyesha lenyewe."

Likajaa, likapanda ile njia likichechemea, maji yanachuruzika nyuma. Tulifuata kwa bodaboda mbili. Mimi nilidhani litakata kulia kwenda Barabara ya Bagamoyo, na kutoka hapo Tegeta au popote penye ujenzi. Likakata kushoto. Likaingia mtaani kwetu, likapita mbele ya geti langu mwenyewe, likaenda na kusimama kwenye geti la kijani. Likapiga honi mara moja tu, honi ya mtu anayefahamika, na geti likafunguliwa.

Ndani kulikuwa na mashine ya zege, nondo zimesukwa, mbao za fomu zimepangwa kufuata ukingo wa mto mwanzo hadi mwisho wa kiwanja. Mzee alikuwa anajenga ukuta wa kuuzuia mto, na mchanga wa kujengea ukuta huo ulikuwa unatolewa kwenye mto huo huo, mita mia chache juu yake. Niliuona mchanga ule ukimwagwa juu ya lundo jingine lililokuwa limeshakauka, na kando yake lundo la tatu.

Akatoka na msuli na fulana, miwani kaipandisha kwenye paji la uso. "Karibuni jamani. Mwenyekiti, kwema?"

"Kwema mzee. Tumekuja na mchanga."

Alikaa kimya kidogo, kisha akasema maneno ambayo sijayasahau. "Mimi nimenunua kwa dereva. Sikumuuliza kauchota wapi. Wewe shemeji," akanigeukia, maana marehemu alikuwa rafiki yake, "mlipojenga hapo kwako mliuliza?"

Nikamwambia tulijua vizuri ulikotoka. Marehemu alikwenda mwenyewe na lori Mpiji, na stakabadhi zipo.

"Mpiji," akasema. "Na Mpiji si mto? Kule hakuna watu?"

Nilikuwa nimekuja na hasira ya kutosha mtaa mzima, lakini swali lile sikuwa na jibu lake. Hadi leo sina. Kila nyumba ya Dar es Salaam, ya kishua na ya uswahilini, imesimama juu ya mchanga uliotoka mahali ambapo kuna mtu analala. Tofauti ni kwamba yetu inatuonyesha matokeo dirishani.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonikata maini. Vijana wawili kati ya wale wanne walichukuliwa, mabeleshi yakakusanywa, ikasemwa walilipishwa faini. Dereva aliachiwa. Ukuta ulimwagwa zege Jumatatu yake kama ulivyopangwa. Hakuna mtu wa kamati aliyesimama kusema kitu, kwa sababu mzee ni mkarimu, misibani yuko mbele, na kusema kweli ukuta wake ulikuwa mzuri. Wenye uwezo wakaanza kuuliza jina la fundi.

Masika yaliyofuata tuliujua ukuta kwa kazi yake. Maji hayasimamishwi na zege, yanaelekezwa tu. Yalipiga pale kwa mzee yakarudishwa ng'ambo ya pili, kwa mama mmoja mjane mwenzangu aliyefuga kuku. Banda likaenda na kuku wake, kisha kibanda cha mlinzi, bahati mlinzi alikuwa amehamia barazani. Watoto wa mama huyo wakamkopea, akajenga gabioni upande wake, yale makasha ya waya yanayojazwa mawe. Gabioni zake zikayarudisha maji kwetu, chini kidogo ya mzee, yaani kwangu. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 ziliifikia bikoni yangu ya kona. Kwanza ilibaki nusu nje, ile zege yake imechungulia ukingoni, namba zinasomeka vizuri. Nilikuwa naitazama kila asubuhi nikienda kuwapa kuku maji. Siku moja haikuwepo. Iko mtoni, chini kabisa, imelala ubavu. Hati yangu inasema kiwanja kinaanzia pale.

Sasa nije kwenye jambo ambalo linanisumbua nikiandika. Desemba 2011 mvua ilipoua zaidi ya watu 40 jijini, mvua iliyosemwa haijaonekana tangu 1954, watu wa bonde la Msimbazi walipelekwa Mabwepande. Desemba 2015 tingatinga lilishuka Mkwajuni, Kinondoni, nyumba zikawa kifusi siku chache kabla ya Krismasi, na sheria iliyotajwa ilikuwa ya mita 60. Nyumba zikapigwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Mita 60 zile zile. Nilizitazama picha kwenye runinga nikiwa kwenye kochi langu ndani ya mita hizo hizo, na hakuna aliyekuja kupaka chochote getini kwetu. Sisemi hatuguswi kabisa. Ukuta mmoja mmoja umewahi kuvunjwa huku na huku. Ila kwetu mtu hupewa notisi, anapata wakili, wakili anapata zuio, zuio linapata miaka. Kijana wa chekeche alipata filimbi.

Halafu kuna jambo ambalo mtaa wetu haupendi lisemwe. Mvua kubwa ikinyesha usiku, wapo wanaofungulia chemba zao mtoni. Kutapisha vyoo tumezoea kuwasema watu wa uswahilini, wakati huku kuna nyumba za ghorofa mbili zenye fedha ya kuita gari la majitaka kila mwezi, na bado zinatapisha. Asubuhi harufu haina mtaa. Mto huo huo ndio unaoingia baharini tunakopeleka wajukuu kuogelea Jumapili.

Kwa hiyo nirudi kwenye swali lenu. Nimeanza kwa kusema sihami. Nimeandika mpaka hapa, na naona msimamo wangu haukai tena kama ulivyokaa kurasa mbili nyuma. Naupenda mto, naipenda baraza yangu, marehemu nilimuuguza katika nyumba hii. Hata hivyo sioni njia ya sisi kuendelea kukaa pale bila kila mmoja kumsukumia mwenzake maji, na mwisho wa kusukumiana huko anabaki mwenye zege nene. Nadhani mita 60 zitekelezwe, na zianzie huku kwetu, kwenye hati na mageti, kabla ya kurudi tena kwenye mabati.

Nina masharti, na nayaandika kwa sababu najua barua kama hii inaweza kusomwa nusu. Zitekelezwe kingo zote mbili kwa pamoja, siyo huyu leo na yule baada ya rufaa. Waliopewa hati kabla ya 2004 walipwe. Wakazi wa bonde la Msimbazi wanaopisha ule mradi wa Benki ya Dunia wa kupunguza mafuriko wamelipwa fidia, kwa hiyo njia ya kulipa inajulikana. Kuta zilizojengwa ndani ya mto zitolewe kwa mpango wa wahandisi, kwa sababu ukiung'oa mmoja tu unamwangusha wa chini yake. Na jiji lioneshe mahali halali pa kuchimba mchanga, pakaguliwe, vijana wale wapate kibali na kazi ya mchana. Ukiwafukuza hapa bila kuwaonyesha pengine, wanahamia mto wa mtu mwingine na Fuso lile lile.

Kwa anayetaka kununua huku, dalali atakupeleka saa kumi jioni wakati wa upepo, kiangazi. Siwezi kumwambia mtu asinunue, wengine viwanja vyao viko juu na salama. Mimi ningeomba nishuke hadi ukingoni na mpimaji, anionyeshe bikoni zote nne kwa kidole. Kisha ningevuka nikamsalimie wa ng'ambo, nimuulize anajenga nini.

Na kama mpango wa serikali utakuwa ni kutuondoa sisi wenye fensi za michongoma na kuwaachia mto wenye kuta, basi neno langu la mwanzo linabaki palepale. Sihami, na X yao nitaipaka chokaa mwenyewe.

Msomaji wenu,
Mbezi Beach, Dar es Salaam